Lamu Mjini au Shela: ulale wapi?

Ukifika kisiwani Lamu, swali la kwanza ni hili. Kutoka mji hadi kijiji cha Shela ni kama kilomita 3 tu, kwa boti au kwa miguu kando ya maji, lakini ni dunia mbili.

Mjini ndiko kwenye historia: vichochoro vyembamba, milango ya nakshi, punda wanaokusukuma ukutani, na ngome iliyokamilika 1821. UNESCO iliuorodhesha mji huu kuwa urithi wa dunia 2001. Na chakula! Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai, mishikaki na kahawa tungu barazani. Kwa tumbo langu, Mjini inashinda bila ubishi. Ila ufuo wa kuogelea hakuna. Mbele yako ni gati na majahazi.

Shela ina mchanga. Ufuo wake unaenda takriban kilomita 12, nyuma yake vilima vya mchanga, na msikiti wake wa Ijumaa una mnara wa kupendeza. Wakati wa kusi, upepo wa msimu kutoka kusini, mawimbi hupanda, basi usiende mbali majini. Vyakula vya mitaani ni vichache, na hoteli za huko hukamua mfuko.

Pote pawili vaa kwa stara. Nguo za kuogelea ziishie ufuoni.

Mimi hulala Mjini, nikaenda Shela asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwenye watoto wadogo afanye kinyume.