Soketi ya kufungulia ekseli ya nyuma iliyoshika kutu: chungulia ndani kabla ya kulipa

Pikipiki yangu ilikaa Uvinza msimu mzima ikibeba viroba vya chumvi. Iliporudi hapa Mwanga, Kigoma, kijana anayeiendesha akaniambia, "Mama, gurudumu la nyuma halitoki." Chumvi ilikuwa imedondokea kwenye nati na ekseli safari baada ya safari, mvua ikamalizia kazi. Nikanunua seti ya soketi ya vipande 40 kwa shilingi 35,000, yote inang'aa. Tulipovuta mara ya kwanza soketi ikateleza. Mara ya pili kona za nati zikalika. Mwisho nati ikakatwa kwa grenda, grenda ikaigusa ekseli, nikanunua na ekseli mpya.

Soketi yenyewe haikupasuka wala kupinda. Ubaya wake ulikuwa ndani: ina kona 12.

Nati ya ekseli ina kona sita. Soketi ya kona 12 huvalika haraka hata mkono ukiwa umebanwa, na kwa nati nzima haina shida. Ila nguvu yake inaangukia karibu na ncha za kona, na hizo ncha ndizo kutu imeshazilegeza. Ya kona sita inalalia ubavu wa nati kwa upana zaidi, kwa hiyo nati inazunguka badala ya kumenyeka. Igeuze, uhesabu. Halafu tazama mdomo wake. Nyingi zimechongwa mteremko mdomoni ili zivalike kirahisi, na nati ya ekseli ikiwa nyembamba, nusu yake inaishia kwenye mteremko huo bila kushikwa na chochote. Tafuta yenye mdomo ulionyooka. Muuzaji atasema zote ni sawa. Si sawa, nimelipia ekseli kulijua hilo.

Namba moja kwangu ni Stanley ya kona sita, tundu la kuchomeka mpini la nusu inchi. Ni kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1843, na sifichi kwamba naipenda: yangu imefungua nati tatu za majirani tangu niinunue na ndani bado haina mchubuko. Wanatengeneza za kona 12 pia, kwa hiyo jina peke yake halitoshi, hesabu.

Namba mbili ni zile nyeusi, nene, za mashine ya kufungulia nati za magari. INGCO na TOTAL wanazo. Chuma chake kinavumilia mshtuko wa nyundo kuliko zile za kung'aa. Shida ni unene: kwenye baadhi ya pikipiki inagonga kikaza cheni kabla haijakaa vizuri kwenye nati. Nenda dukani na pikipiki, uijaribishe hapo hapo.

Za bei ya chini zisizo na jina, tumia kwa boliti za madigadi.

Usivutie racheti, utavunja meno yake. Nunua pawabaa, ule mpini mrefu usio na meno. Ya sentimita 60 inakupa zaidi ya mara mbili ya nguvu ya mpini wa sentimita 25 kwa msukumo ule ule. Pulizia WD-40 jioni, uvute asubuhi, na upande wa pili mtu ashike kichwa cha ekseli kwa spana.

Sasa wauzaji wetu. Nilihitaji soketi moja, namba 22. Nimezunguka Mwanga mpaka Ujiji, kila duka linataka ninunue seti nzima yenye saizi ambazo pikipiki haina. Boksi limefungwa kwa plastiki, ukiomba lifunguliwe uchungulie unaambiwa ulipe kwanza. Ukiomba risiti ya EFD, bei inapanda. Ukiuliza kwa nini ni ghali, jibu ni usafiri kutoka Dar, hata kwa mzigo uliokaa rafuni mpaka umeshika vumbi. Duka moja tu lilinifungulia boksi, likaniacha nihesabu kona, likaniuzia ile moja kwa shilingi 18,000 na risiti juu. Namba 19 nitaifuata huko huko.