TAHADHARI: "Seti kamili" ya nyaya za stelingi za mashua, ndani yake ni waya wa kuanikia nguo

Wenzangu wenye mashua za tanga zinazoendeshwa kwa gurudumu, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji mwenye tangazo la "seti kamili ya nyaya za stelingi": waya, klipu (vibano vya kufungia ncha za waya), skrubu za kukazia, vyote kwenye kifurushi kimoja, "chuma cha pua 316, milimita 5, haushiki kutu maisha". Nilinunua. Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingewafaa kitu, maana tangazo lile lile nimeshaliona chini ya jina jingine. Kinachomtambulisha ni mtego wake, na mtego haubadiliki.

Unaanza na hofu. Stelingi yangu ilikuwa imelegea. Nazungusha gurudumu karibu upana wa kiganja ndipo usukani ulio majini uitike. Nikamwandikia kuuliza urefu wa waya. Hakuuliza nyaya zangu zina umri gani, hakuuliza hali ya makapi (yale magurudumu madogo ambayo waya hupinda juu yake), hakutaka hata picha. Jibu lake: "Waya ukilegea umekufa. Usithubutu kutoka nao." Akaongeza kwamba amebakiwa na seti mbili tu, na kwamba huo wa zamani niukate vipande vipande, nisije nikajaribiwa kuurudisha. Nikatuma hela yote kabla ya kuona mzigo. Na waya wa zamani nikaukata, mtiifu kama mtoto wa chuo.

Laiti ningeshuka kwanza nyuma na tochi. Waya kulegea si waya kufa. Nyaya hutoka kwenye ncha za mnyororo wa gurudumu, hupita kwenye makapi, hadi kwenye kwadranti, kile kipande cha umbo la robo duara kilichobanwa kwenye mhimili wa usukani. Ulegevu unaweza kuzaliwa popote njiani. Kipimo chake hakihitaji kununua chochote: mtu mmoja ashike gurudumu lisicheze, mwingine atambae hadi nyuma, aishike kwadranti na kuisukuma huku na huku kwa mikono. (Vidole vikae mbali na makapi. Mwenzako akiachia gurudumu kwa bahati mbaya, kwadranti haina huruma.) Ikitulia tuli, nyaya zina mkazo wa kutosha. Ikicheza, ufuate mchezo huo kwa macho mpaka uone unaanzia wapi: kapi lenye pini iliyolika, boliti za kapi zilizolegea kwenye fibaglasi, mnyororo uliochoka, kwadranti inayoteleza kwenye mhimili. Kama vyote hivyo ni vizima, basi waya umelegea tu, na dawa yake ni spana mbili. Weka usukani katikati na gurudumu katikati, kisha kaza nati za kwenye kwadranti pande zote mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, ili mnyororo usivutwe upande mmoja. Ukimaliza funga nati za kuzuia. Gurudumu likianza kuwa zito umepitiliza, rudi nyuma kidogo. Waya uliokazwa kama uzi wa gitaa unakula makapi na beringi, na mkono wako hautasikia tena maji yanavyousukuma usukani.

Waya uliokufa kweli hujulikana. Pitisha tambara au pamba taratibu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hasa pale unapopinda juu ya makapi. Nyuzi zilizokatika zitanasa pamba, na hapo usikaze tena, badilisha. Vipande vyangu vya zamani nilivipitishia pamba nikiwa nimeshachelewa. Havikunasa hata unyoya mmoja.

Sasa kifurushi chenyewe. Waya ulikuja umevikwa plastiki angavu inayong'aa, "kinga ya chumvi", na ncha zote mbili zimechovywa kwenye mpira mweusi. Nikapima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene: milimita 5 kamili. Nikaridhika. Nikafunga, na siku ya kwanza bandarini stelingi ilikuwa ngumu na nzuri.

Safari ya pili imelegea. Nikamwandikia, akajibu kwa upole kabisa: "Waya mpya hunyooka kidogo, ni kawaida, kaza tu." Hapa ndipo ninapomvulia kofia kwa ujanja, kwa sababu hilo ni kweli. Nyuzi za waya mpya hujibana zikipata mzigo, na kila fundi atakwambia ukaze tena baada ya matembezi ya kwanza. Lakini kunyooka huko ni kudogo na hukoma. Wangu haukukoma. Nilikaza mara ya pili, ya tatu, mpaka skrubu zikaishiwa nyuzi za kukazia.

Siku waya uliponiachia tulikuwa tunakwenda na upepo wa nyuma, mawimbi yanatusukuma tezini. Nilizungusha gurudumu kushoto, likazunguka lote, jepesi kama feni. Mashua ikajigeuza yenyewe, tanga kuu likavuka upande wa pili kwa kishindo, na mti unaoshika upande wa chini wa tanga nusura umpige kichwani mwenzangu aliyekuwa ameinama kufunga kamba. Kana ya akiba (mkono wa kugeuzia usukani bila gurudumu) ninayo, ila ilikuwa imelala chini ya kamba ya nanga, ndoo na takataka zangu zote. Wewe yako iko wapi? Tulishusha tanga kwanza, tukaichimbua, tukarudi kwa kana. Hakuna aliyeumia.

Nilipofungua sakafu ya nyuma nikaona: mkia wa waya umechomoka kwenye klipu, na ile plastiki imebaki imebanwa pale pale kama soksi iliyovuliwa. Klipu zilikuwa zimebana plastiki, si chuma. Kila nilipodhani waya unanyooka, kumbe ulikuwa unatambaa ndani ya soksi yake.

Nikaumenya wote. Ndani kuna waya wa milimita 4. Ile milimita 5 niliyoipima ilikuwa chuma pamoja na plastiki, na tofauti hiyo si ndogo kama inavyosikika, kwa sababu chuma huhesabiwa kwa mraba wa kipenyo: 16 dhidi ya 25, yaani zaidi ya theluthi moja ya chuma haipo. Nikakata ule mpira mweusi, nikahesabu nyuzi. Waya wa stelingi hutakiwa kuwa wa 7x19, misokoto 7 yenye nyuzi 19 kila mmoja, jumla nyuzi 133 nyembamba, ndiyo maana hupinda juu ya kapi bila kuchoka upesi. Huu ulikuwa na nyuzi 49 nene, 7x7. Na sumaku iliudaka kwa mlio. Kipande nilitia kwenye kopo la maji ya chumvi pamoja na kipande cha waya wangu wa zamani. Asubuhi ya pili maji upande wake yalikuwa na rangi ya chai, wa zamani unang'aa.

Kuhusu sumaku niseme neno, maana wengine watanikosoa: waya halisi wa 316 nao unaweza kuvutwa kidogo, kwa sababu kuvutwa kiwandani hadi kuwa mwembamba hubadilisha chuma kwa kiasi. Kwa hiyo linganisha na waya unaoujua. Kuvutwa kidogo si kesi. Kudakwa kama msumari ni kesi.

Klipu nazo zilikuwa chuma cha kawaida chenye rangi ya fedha. Nilizifunga ipasavyo, tandiko (kile kipande kinene cha klipu) likikaa upande wa waya unaobeba mzigo na ile boliti ya umbo la U ikibana mkia, kwa hiyo aliponiambia nimefunga kinyume nilimtumia picha. Akabadili wimbo: nimekaza kupita kiasi. Nikamtumia picha ya waya uliomenywa na kalipa juu yake. Hapo akaleta hoja iliyonifanya nicheke peke yangu: dhamana imekwisha, kwa sababu nimetoa plastiki. Yaani kitendo pekee kinachofichua wizi ndicho kinachofuta dhamana. Baada ya hapo akanifungia.

Anayetaka kununua waya, kwa huyu au kwa yeyote, aombe picha ya ncha iliyo wazi, kalipa ikiwa imekaa kwenye chuma kitupu, nyuzi zinahesabika. Muuzaji mkweli atakutumia kwa dakika tano. Waya wa stelingi uliovikwa plastiki ukatae hata kama ni wa chuma kizuri: maji ya chumvi huingia kwenye ncha na hayatoki, kutu inakula ndani huku nje panang'aa, na siku ya kukagua huwezi kupitisha pamba. Asiyeuliza kipenyo cha kapi zako pia mtilie shaka, kwa sababu waya mnene kwenye kapi dogo hukatika nyuzi mapema hata ukiwa halisi. Na wa zamani usiukate mpaka mpya umetoka majini na kurudi mara kadhaa. Huo ndio kipimo chako cha urefu, cha unene na cha sumaku, na ndiyo sababu jamaa anataka uukate.

Kama umeshaufunga, usitoke nao. Menya sentimita chache kwenye mkia, utajua pale pale. Ukiona inakuwia vigumu kumenya leo, mashua ibaki imefungwa gatini. Alama ya kalamu juu ya plastiki haitakuonyesha kitu, maana soksi hubaki imebanwa huku waya unatambaa ndani yake.

Tangazo lake mtalitambua kwa picha: meza ya mbao yenye alama ya kuungua, waya umezungushwa mara tatu, na pembeni kidole gumba chenye kucha nyeusi iliyogongwa. Katika lile la jina la pili kidole ni kile kile, meza ni ile ile. Kilichobadilika ni maandishi tu, sasa wameandika milimita 6.