Digrii ya nje na kozi ya PGDE Kenya: barua ya kutambuliwa inatosha?

Mwenye digrii ya BA au BSc isiyo ya ualimu, awe ameipata Uganda, India au kwingineko, hasajiliwi na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kufundisha sekondari mpaka awe na stashahada ya uzamili ya elimu, yaani PGDE. Na chuo hakimpokei kwenye PGDE mpaka digrii yake itambuliwe nchini. Huduma hii ya kutambua vyeti inajibu swali moja vizuri. Tatizo ni kwamba waombaji wengi hudhani imejibu yote.

Barua ya kutambuliwa inathibitisha kwamba chuo kilichotoa digrii ni halali na kwamba kiwango chake kinalingana na digrii ya hapa. Imeishia hapo. Haisemi lolote kuhusu masomo utakayofundisha, wala haigusi gredi zako za sekondari, na huko ndiko wengi wanakokwama.

TSC inataka wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, pamoja na C+ katika masomo mawili ya kufundisha. Kwa waliosoma mfumo wa kidato cha sita, ni prinsipo mbili (ufaulu kamili wa somo) na sabsidiari moja (ufaulu wa ngazi ya chini yake). Digrii ya daraja la kwanza haifuti C ya Hisabati uliyopata kidato cha nne. Chuo kinaweza kukupokea, ukalipa karo, ukafanya mazoezi ya kufundisha hadi mwisho, kisha ombi lako la usajili likakataliwa. Kwa hiyo anza kwa kukagua cheti cha KCSE kabla ya kutoa hata shilingi moja ya kutambuliwa kwa digrii.

Halafu zihesabu uniti, yaani kozi moja moja ulizosoma kwenye digrii. Vyuo kwa kawaida hutaka angalau uniti 8 za digrii katika kila somo la kufundisha. Mwenye digrii ya biashara huwa na uniti tele za uhasibu, uchumi na masoko, hivyo Masomo ya Biashara hayampi shida. Lakini akitaka Hisabati iwe somo la pili, hukuta ana takwimu na hesabu za biashara tu, uniti mbili tatu. Hazitoshi. Mwenye digrii ya kilimo ana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu botania, zoolojia na jenetiki zinaweza kuhesabiwa upande wa Biolojia.

Majina ya uniti hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Afisa wa udahili akiona jina asilolijua kwenye transkripti, orodha ya uniti na alama zako, huliacha nje ya hesabu. Omba chuo chako cha awali maelezo ya kila uniti, yenye saa za masomo na mada, na kila ukurasa upigwe muhuri. Ni karatasi ambayo watu wachache huambatisha, na ndiyo inayookoa maombi mengi.

Kuhusu ofisi, mpangilio bado unachanganya na unastahili kulaumiwa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ipo kwa sheria ya 2012. KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu, ipo kwa sheria ya 2014. Zote mbili hushughulikia vyeti vya nje. Uliza chuo unachoomba, kwa maandishi, kinataka barua ya nani, na uyahifadhi majibu. Kulipia mahali pasipofaa ni hasara tupu.

Ikiwa hata sekondari ulisomea nje, Baraza la Mitihani, KNEC, ndilo hukilinganisha cheti hicho na cha hapa, kupitia mfumo wake wa QMIS mtandaoni. Hapa huduma ni nzuri: unajua ombi lako liko wapi bila kusafiri. Lakini usingoje digrii itambuliwe ndiyo uanze. Mambo haya mawili yaende sambamba.

Kinachochelewesha zaidi mara nyingi ni chuo cha nje kutojibu barua ya uhakiki, ile ya kukiuliza kama kweli kilikupa digrii hiyo. Waandikie msajili mapema, uwape namba yako ya usajili na mwaka wa kuhitimu, na uwaombe wajibu kwa baruapepe rasmi ya chuo. Majina nayo yalingane kuanzia kitambulisho hadi digrii. Yakitofautiana, tengeneza hati ya kiapo kabla ya kuwasilisha. Vyeti visivyo vya Kiingereza vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, na nakala ya lugha ya asili iambatishwe.