Ziara ya Slapton Sands kutoka Dartmouth: nyota nne, na ya tano nimewanyima

Miaka tisa niko Uingereza na habari za Slapton Sands, ufukwe wa Devon kusini-magharibi mwa nchi, sikuwahi kuzisikia, mpaka mwezi uliopita nilipolipia ziara ya nusu siku. Basi lilichelewa dakika arobaini bila hata ujumbe wa samahani, na kipaza sauti kilikatakata kila tukipanda mlima. Nyota ya tano ikaenda hapo.

Lakini mzee mwongozaji ni fundi. Alitushusha Torcross, kijiji kilicho mwisho wa ufukwe, akatuacha kwanza tutembee ufukweni. Jina linasema mchanga ("Sands"), kumbe ni kokoto tupu. Mguu unazama, unateleza. Nyuma yake kipande chembamba cha nchi kavu, kisha ziwa. Akatuambia hiyo ndiyo sababu Wamarekani walipataka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: ufukwe waliouita Utah kule Normandy, Ufaransa, walikokuwa wakijiandaa kushuka kuwavamia Wajerumani, ulifanana napo. Basi mwishoni mwa 1943 watu wapatao 3,000 wa vijiji vya hapa wakahamishwa na mifugo yao, kupisha mazoezi ya risasi za kweli.

Kando ya maegesho kuna kifaru cha vita cha Kimarekani, cheusi tii. Zunguka nyuma utaona rafadha mbili, maana kiliundwa kiogelee. Ken Small, mkazi wa hapa, alikinunua kwa serikali ya Marekani kwa dola 50 kikiwa bado chini ya bahari, akakiopoa 1984.

Hapo ndipo mzee alipozima kipaza sauti chake kibovu akatusimulia kwa sauti yake. Usiku wa kuamkia 28 Aprili 1944, boti za torpido za Wajerumani kutoka Cherbourg ziliuvamia msafara wa meli nane za Kimarekani zilizojaa askari na vifaru, zikija kwenye mazoezi hayo. Mbili zikazama; nyingine, LST-289 (LST ni meli ya kushusha vifaru), ikajikokota hadi Dartmouth, sehemu ya nyuma imepasuka. Masafa ya redio yalikuwa yamekosewa, onyo halikuwafikia. Wengi walijifunga maboya kiunoni badala ya kwapani, na mizigo mgongoni, wakapinduka kichwa chini. Waliokufa ni 749. Walionusurika wakaamriwa wafunge midomo.

Msipitwe na mnara wa jeshi la Marekani wa 1954 pale ufukweni. Nimeusoma mara mbili: unawashukuru wanakijiji kwa kuacha nyumba na mashamba yao. Waliozama hawatajwi hata kwa neno moja.

Viatu vya wazi msivae. Nilitoa kokoto tatu nikisubiri basi la kurudi, ambalo nalo lilichelewa.