Balasti iliyonilia tubu tatu

Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe. Mimi hushona kofia za mkono hapa Langoni, Lamu, na vitobo vya kofia havitaki taa ya kubahatisha. Ndipo nikaachana na choki ya zamani, kile kifaa cha kuwashia taa ndefu ya tubu, kinachovuma kama nyuki, nikanunua balasti ya elektroniki ifanye kazi ileile. Kijana wa duka aliijaribu palepale kauntani: tap! Tubu ikawaka. "Mzee, si umeona mwenyewe?"

Nimeona. Nimeifunga nyumbani baada ya Idi, na kusi halijatulia tubu ya tatu imekufa, ncha nyeusi kama masizi ya sufuria. Nikarudi dukani. Hata kuinua macho kwenye simu hakuinua. "Mzee, tubu zako feki." Tubu alizoniuzia yeye!

Fundi jirani yangu ndiye aliyenifumbua macho. Alipima tubu kwa mita: ule uzi mwembamba wa chuma ndani ya ncha moja umekatika. Akairudisha kwenye balasti ileile, ikawaka! Akanionyesha nyaya: kila ncha ina waya mmoja tu, sasa uzi utapashwaje moto? Balasti ya namna hii haina subira, huipiga tubu kama volti 600 kwa mkupuo, na kila ukiwasha, ule unga ulio juu ya uzi hubanduka kidogo. Basi lile jaribio la kauntani lilikuwa mchezo wa watoto, hata tubu mgonjwa ingewaka. Kwa ofisi inayowasha asubuhi ikazima jioni si neno. Mimi huzima kila adhana, na stima nayo hukatika ipendavyo.

Akaniletea nyingine, ya waya mbili kila ncha. Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikasema hii nayo imekufa. Kumbe ncha zinaanza wekundu, kama kaa la chetezo. Nikawahi kusema bismillahi, ndipo ikawaka, taratibu.

Nilikusudia kuwaambia msiguse balasti za elektroniki maishani. Sasa siwezi: haivumi, mwanga hauchezi, usiku nashona macho hayaniwashi. Hata ile ya kwanza, kusema kweli, ina kazi yake mahali pengine. Lakini yule kijana? Aa, hapana.

Tubu tatu nimezifunga pamoja kwa uzi wa kofia, ziko nyuma ya mlango. Kesho akifungua nampelekea. Pesa sidhani nitaziona, ila hiyo "feki" atairudia mbele ya watu.