Vijana wa mikokoteni miwili: huduma ya kuzoa taka hapa Umoja

Mimi ni keateka wa ploti ya nyumba 24 hapa Umoja, Nairobi, mwaka wa 11 sasa. Watu hudhani kazi ya keateka ni kudai kodi na kufungua geti. Nusu yake ni taka. Hakuna mpangaji aliyewahi kunipigia simu usiku kwa sababu rangi ya ukuta imebambuka. Hunipigia magunia yakilala siku ya nne na panya wameanza kuyatoboa.

Kampuni tuliyokuwa nayo kabla ya hawa sitaitaja. Kwa kuja siku yao, sina lawama. Mwaka juzi nilipita mlango kwa mlango nikawaomba wapangaji watenganishe taka: ndoo kwa mabaki ya chakula na maganda, gunia kwa vitu vikavu. Niliwaambia si matakwa yangu, ni Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayotaka taka zinazooza ziwekwe kando na zisizooza. Wakakubali. Mama wa nyumba ya 9, mwenye kibanda cha mboga, ndiye aliyeanza, tena kwa ndoo yenye kifuniko. Ijumaa moja tumesimama naye getini, lori likafika. Kijana akainua ile ndoo, akaimwaga. Akainua gunia, akalimwaga papo hapo juu ya maganda. Mama hakusema neno. Aliisuuza ndoo yake bombani, akaenda nayo, na wiki iliyofuata kila kitu kikarudi kwenye gunia moja. Sikuwa na la kumwambia.

Ndipo nikaanza kuulizia, nikaelekezwa kwa kikundi cha vijana upande wa soko la Mutindwa. Kabla sijamwambia mwenye ploti nilitaka kuona kwa macho yangu taka zinakoishia, na hawakunizuia. Uwanja wao ni mdogo, mabati pande tatu. Binti mmoja alikuwa ameketi kwenye kreti na rundo la chupa za maji. Anafungua kifuniko, anakitupa kwenye ndoo ya kushoto, anapitisha kisu chini ya ile pete inayobaki shingoni, inakatika, kisha anaikanyaga chupa na kuitupa guniani. Aliniambia kifuniko ni plastiki ya aina nyingine na mnunuzi hataki vichanganywe. Chupa nyeupe ina bei nzuri kuliko ya rangi. Na chupa iliyolowa mchuzi hainunuliwi kabisa mpaka ioshwe. Nilielewa pale kwa nini kumwaga ugali juu ya chupa ni kuharibu mali ya mtu.

Wanakuja na mikokoteni miwili, na hilo ndilo lililowashawishi wapangaji wangu kuliko maneno yangu yote. Mmoja wa vitu vikavu, mwingine wa ndoo. Ndoo zenyewe ni zile za rangi za lita 20: wanabeba iliyojaa, wanakuachia iliyooshwa. Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, iliagiza mifuko ya kuwekea taka zinazooza iwe ya aina inayooza yenyewe, nami nilikuwa nikiumiza kichwa nani atainunua. Kwa ndoo ya kubadilishana, mfuko hauhitajiki. Mabaki yanachukuliwa na mfugaji wa nguruwe kutoka Ruai, na maganda mengine wanayafanya mboji.

Asubuhi zenye upepo moshi wa jaa la taka la Dandora hutufikia mpaka kwenye kamba za nguo juu ya paa. Jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni vitu vya kuoza, na vikifukiwa bila hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani na kuulisha moto wa jaa. Kila ndoo inayokwenda Ruai haiendi kule. Naliwaza hilo kila Jumanne nikifungua geti.

Huwa nakumbuka marufuku ya mifuko ya plastiki, 28 Agosti 2017. Watu walizoea haraka, na naamini si kwa kuogopa faini ya mpaka milioni 4 peke yake. Ni kwa sababu dukani hapakuwa tena na mfuko wa kupewa. Hii ya kutenganisha taka imewekwa mabegani mwa mpangaji, huku gari linalokuja getini likiwa ni lile lile. Kazi ya taka Katiba imewapa kaunti. Kaunti ikikagua gari jinsi polisi wanavyokagua matatu, mama wa nyumba ya 9 hatahitaji kuhubiriwa.

Kasoro zipo. Pampas hazina mnunuzi, kwa hiyo zinakaa kwenye gunia la tatu linalobebwa mara moja tu kwa wiki, na kwenye ploti yenye watoto wachanga sita hilo ni tatizo kubwa. Nimewaomba waje mara mbili, bado nasubiri jibu. Mvua ikinyesha mkokoteni unakwama barabara ya nyuma, na Mei walichelewa siku mbili nzima, ingawa walipiga simu. Bei ni shilingi 200 kwa nyumba badala ya 150 tuliyozoea. Wapangaji watatu walinung'unika. Niliwapeleka Mutindwa wakaona zile chupa, wawili wakalipa siku ile ile.

Wanakuja Jumanne na Ijumaa, kabla ya saa mbili asubuhi, na malipo ni kwa M-Pesa mwisho wa mwezi. Ukitaka wakuchukulie taka, waombe kwanza wakuonyeshe uwanja wao. Nenda asubuhi, wakati chupa zinakatwa. Ndoo yenye kifuniko imerudi nje ya nyumba ya 9.