Matembezi ya kimya kwa waliofiwa: msitu safi, kikao cha mwisho wakitoe

Kama umefiwa na umechoka kuambiwa jikaze, hii huduma ya kutembezwa msituni kimya kimya inaweza kukufaa, ila sio yote. Mnakua wachache, simu zinazimwa kabisa, alafu mwongozaji anasema hakuna kuongea na hakuna kuulizana nani kafiwa na nani. Kwangu hiyo sheria ya mwisho ina thamani kuliko hata miti, maana tangu mama afariki kila ninayekutana nae lazima nimsimulie aliumwa nini, ilikuaje, nani alikuwepo, yaani mfiwa ndo anageuka kumbembeleza mgeni.

Mwendo ni wa taratibu mno, mwanzoni unaboa. Baadae kila mtu anachagua sehemu yake anakaa peke yake na hapo ndo shughuli ilipo, kichwa kinaanza kupiga kelele kuliko hata ukiwa nyumbani, ningemuwahisha hospitali, ningepokea ile simu, ningefanya hivi ningefanya vile, alafu bila kujua unajikuta unaangalia sisimizi wanapanda gome la mti na ile ningeningeni imekatika kidogo. Machozi yakija hakuna anayekupiga piga mgongoni, unalia mpaka ubaki mwepesi.

Tangazo lao linasema ni "tiba ya kale ya huzuni", hapo wametia chumvi. Matembezi ya msituni kama haya Wajapani wanaita shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, na idara yao ya misitu ilianza kuhamasisha watu mwaka 1982, kwa ajili ya afya na kupunguza stresi, sio msiba. Kinachoniingia akilini zaidi ni utafiti wa chuo kikuu cha Stanford wa 2015, waliotembea dakika 90 kwenye miti na nyasi walipungukiwa na kule kutafuna mawazo yale yale mabaya, waliotembea pembeni ya barabara yenye magari mengi hawakupata hiyo nafuu. Wale hawakua wafiwa, walikua watu wenye afya tu, ila anayejua majuto ya msiba ataelewa kwanini naitaja.

Sasa kikao. Mwisho mnakaa duara kila mtu aseme msitu umemfundisha nini. Jamani! Mmetunyamazisha vizuri alafu mnatuita tutoe hotuba? Dada mmoja alivunjika akalia sana na mwongozaji akabaki anatutolea macho, miti anaijua ila ushauri nasaha hajasomea, na hilo waliandike wazi kabisa kwasababu mtu ambaye miezi inapita bado hali, halali na haoni sababu ya kuishi anahitaji mtaalamu, sio matembezi.

Njia pia ina mizizi na hakuna pa kukaa zaidi ya chini, mwenye magoti mabovu aulize kwanza.

Nyota nne kwa msitu, moja kwa kikao. Kuondoka kabla ya duara inaruhusiwa, nliuliza, ila wenyewe hawakwambii.